Kutoka Dresa hadi Muuguzi: Lugha Tatu za Wodi

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Waliounena msemo huu hawakuijua hospitali. Walijua mkeka, taa ya kibatari, na mtu wa nyumbani aliyekesha kando ya mgonjwa mpaka akayafahamu maradhi kwa kuyasikiliza. Kazi hiyo waliiita kuuguza, neno lililozaliwa na kuugua, na ndani yake hamna cheo. Ilipokuja hospitali ndipo kazi hiyo moja ikagawiwa majina mengi: dresa, yaya, mhudumu, nesi, muuguzi. Nayafuatilia majina hayo mpaka mji wa Babati, mbali na bahari yetu, kwa kuwa huko laonekana wazi jambo ambalo sisi wapenzi wa lugha tumelipita bila ya kulitazama.

Tuanze nyuma. Mwaka 1860, Florence Nightingale alipofungua skuli yake katika hospitali ya St Thomas', London, wanafunzi wake walijifunza kwa kufanya kazi wodini, wakipewa makazi, chakula na posho ndogo. Mtindo huo ulienea duniani, pamoja na utata wake: je, huyu ni mwanafunzi anayefanya kazi, au ni mfanyakazi aliyeahidiwa elimu? Swali hilo halijapata kufa.

Tanganyika nayo ilikuwa na sura yake ya swali hilo. Katika miaka ya 1920, Dakta J. O. Shircore alipokuwa mkuu wa idara ya tiba, serikali ya Waingereza ilianza kuwafunza vijana kazi ya udresa. Walichaguliwa katika maeneo yao, wakafunzwa kwa muda mfupi hospitalini, kisha wakarejeshwa kwao kuhudumu katika zahanati ndogo zilizogharimiwa na tawala za wenyeji. Walisafisha vidonda na kutibu buba. Na lipo jambo ambalo halikuandikwa katika orodha ya kazi zao: walimweleza daktari alichosema mgonjwa, na mgonjwa alichosema daktari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja sheria ya kuwasajili wauguzi na wakunga. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zikasambazwa vijijini, na wengi waliopata mafunzo mafupi wakabeba mzigo wake. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 ikathibitisha mpaka: asiyesajiliwa wala kupewa leseni si muuguzi. Sheria hiyo ni njema, kwani inamlinda mgonjwa. Lakini kila mpaka una watu wanaoishi juu yake, na huyu ninayemzungumza ni mmoja wao: mhudumu wa wodi aliyejiunga na chuo ili siku moja avae sare ya muuguzi.

Babati ulikuwa mji wa njiani, katika barabara ya Arusha na Dodoma, kando ya ziwa lenye viboko. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, ukawa makao makuu. Leo pana hospitali ya mji ya Mrara na hospitali ya rufaa ya mkoa, na nje ya mji ipo Dareda. Kwa wilaya ya jirani ya Mbulu ipo Haydom, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955. Dareda na Haydom zote zimekuwa na skuli za uuguzi.

Wenyeji wa hapo ni Wagorowa, na majirani zao ni Wairaki, Wambugwe, Warangi na Wabarabaig. Lugha zao si za ukoo mmoja: Kigorowa na Kiiraki ni za Kikushi, Kibarabaig ni ya Kinailoti, Kimbugwe na Kirangi ni za Kibantu kama Kiswahili chetu. Ni nadra kupata mji mdogo uliozungukwa na tofauti kubwa namna hiyo.

Basi tumfikirie binti wa Kigorowa, mhudumu wa zamu ya usiku, mwanafunzi wa mchana. Bibi mzee analetwa, naye Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Anaeleza maumivu yake kwa lugha ya nyumbani. Binti anasikiliza, kisha anamweleza tabibu kwa Kiswahili. Hapo anatakiwa kuchagua: tumbo linakata, linanyonga, au linachoma? Kila neno laelekea ugonjwa mwingine. Asubuhi anakwenda darasani, na mtihani wake ni wa Kiingereza. Yale aliyoyajua usiku kwa lugha mbili, anaulizwa kwa ya tatu, na akikosa neno huhesabiwa kuwa amekosa maarifa.

Nami nimejifunza kufasiri bila ya mwalimu, usiku, baada ya kazi ya mchana. Naijua ladha ya kujua jambo usilokuwa na hati yake. Lakini nilipokosea neno, kilichoumia ni beti tu. Huyu akikosea, huumia mtu.

Na matatizo yake hayaishii katika lugha. Akirudi wodini kwa mafunzo ya vitendo, wanaomjua huona mikono ya zamani: shika ufagio, peleka damu maabara, sukuma kitoroli. Wenzake wanatazama jinsi dawa inavyotundikwa, yeye anatandika vitanda. Saa nyingine mambo hugeuka, watu wakiwa wachache: huombwa kufanya asilopaswa bado kulifanya, na likiharibika huulizwa ni nani aliyemruhusu. Juu yake wapo wahudumu wa miaka mingi walioishia darasa la saba, ambao mlango wa chuo, unaodai kidato cha nne na ufaulu wa sayansi, hauwafungukii kabisa.

Huambiwa: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naam, lakini huyu ameinama siku zote. Ndiyo kazi yake. Anachohitaji ni zamu zipangwe kwa kuitazama ratiba ya chuo, na akiwa mwanafunzi atajwe mwanafunzi mbele ya wote. Kisha, ule ufasiri wake ufundishwe na upimwe kama sehemu ya uuguzi, kwani ndio mwanzo wa tiba.

Sisi wa visiwani twajivuna kuwa Kiunguja kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa yule bibi wa Kigorowa, hicho Kiswahili chetu ni ng'ambo ya kwanza tu. Kuna binti anayemvusha, na dresa alikuwa akivusha watu vivyo hivyo kiasi cha miaka mia moja iliyopita. Ni haki sasa tumpe jina la kazi yake.