Vita Vilivyoishia Kaboya

Weka vitabu vitatu mezani na usivifungue kwanza. Soma majalada tu. Cha kwanza ni Kuzama kwa Idi Amin cha mwandishi wa habari Baldwin Mzirai, 1980. Cha pili ni Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika, 1981. Cha tatu ni War in Uganda cha Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa Kimarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, 1982.

Umeona? Vile viwili vya kihabari vimetazama ng'ambo ya mpaka. Kagera imetajwa kwenye utenzi.

Sitaki kumwonea mtu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwaka uliofuata Mzirai alikuwa na kitabu cha Kiswahili mkononi. Avirgan na Honey nao waliifuatilia vita hiyo kwa karibu kuliko waandishi wengi wa nje. Bila watu hawa tungebaki na hotuba na nyimbo. Ila swali langu ni dogo, nalo linanisumbua tangu nisomee uandishi wa habari: mbona vita iliyoanzia kwetu imeandikwa kama safari ya kwenda kwingine?

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia eneo ambalo leo ni wilaya ya Missenyi. Tarehe 1 Novemba Radio Uganda ikatangaza kwamba nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Tarehe 3 daraja la Kyaka likalipuliwa. Maelfu ya watu walikuwa wameshakimbilia kusini, kuelekea Bukoba na Muleba.

Nani angewaandika hao? Daily News, Uhuru na Mzalendo yote yalikuwa yakitoka Dar es Salaam. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, TSJ, kilikuwa kimefunguliwa 1975, miaka mitatu tu kabla ya vita. Nyegezi, pale Mwanza, ng'ambo ya ziwa kutoka Bukoba, walikuwa wakifundisha fani hii tangu miaka ya 1960. Ndiyo hiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Waandishi waliosomea walikuwa wachache, na nchi ikiwa vitani mhariri anataka habari ya mstari wa mbele. Mama anayepita barabarani na mtoto mgongoni si habari ya ukurasa wa kwanza.

Cha ajabu, Bukoba haikuwa ngeni kwa magazeti. Katika miaka ya 1950 watu wa huku walisoma Bukya na Gandi, yaani kunakucha na mengine, na Engoma ya Buhaya, ngoma ya Buhaya, kwa lugha yao wenyewe. Wakatoliki walikuwa na Rumuli. Hapakuwa na chuo cha uandishi hata kimoja nchini, lakini mji ulijiandika. Vita vilipofika 1978, sauti kubwa ilikuwa imehamia Dar es Salaam.

Basi nilipofika mwaka wa mwisho chuoni, nikaenda Kamachumu kwa bibi yangu, mama wa mama. Yeye hataji Oktoba wala Novemba. Anasema, "Ilikuwa msimu wa senene." Akanieleza kwamba alizilaza familia mbili kutoka ng'ambo ya mto, kwamba ndizi za shambani hazikutosha, kwamba mmoja wa wageni wale alikuwa akiamka usiku kusikiliza kama kuna ndege. Akaniambia, "Mjukuu wangu, na hili nalo liandike: hakuna aliyetuuliza."

Msimamizi wangu aliuliza nyaraka ziko wapi. Nikamjibu ziko Kamachumu, zinavuta pumzi. Alicheka, akaniruhusu. Nikaandika, kazi ikapigwa muhuri na kupandishwa rafuni, na huko ndiko iliko. Si yangu peke yangu. Rafu za vyuo vyetu vya habari zimejaa kazi za wanafunzi waliokwenda vijijini kwao wakauliza maswali mazuri, halafu majibu yakafungiwa kwa sababu lengo lilikuwa cheti. Chuo kinachofundisha watu kuchapisha, kisha kisichapishe walichokiandika, kinanishangaza sana.

Unaweza kusema kumbukumbu za bibi si historia. Kweli, bibi anasahau, anachanganya, anajipendelea. Lakini afisa wa jeshi aliyehojiwa kwa ajili ya kitabu naye ni binadamu. Dawa ni kuwauliza wengi na kulinganisha, na hiyo ndiyo kazi tunayofundishwa darasani.

Baada ya vita mkoa uliacha kuitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto: Kagera. Jina tulipewa. Simulizi bado. Na ukitaka kujua vita hivyo viliishia wapi, usisimame Kampala. Nenda Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya askari wetu. Vijana wa mikoa mingine wamelala katika ardhi ya watu waliowapokea wakimbizi, na majirani wa makaburi hayo wana mengi ya kusema.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70. Wewe unayesomea habari na kwenu ni Bukoba au Muleba, mada unayo. Kanda ya kurekodia iko kwenye simu yako. Nenda ukaulize, na ukishaandika usikubali iishie rafuni.