Cheti cha Waridi

Mama alishuka kwenye basi la Arusha pale stendi ya Magufuli, Mbezi, mkono mmoja umeshika begi na mwingine umeshika ndoo ndogo ya plastiki. Ndani ya ndoo kulikuwa na mashina kumi na mawili ya waridi jekundu, yamefungwa kwa gazeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pokea haya kwanza, usiyalaze."

Tukapanda daladala kuelekea Ubungo, ninakoishi jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ninakosomea shahada ya uzamili ya historia. Waridi lile lilikuwa limesafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka Usa River na hakuna mtu aliyeuliza limetoka wapi. Lingekuwa linakwenda Amsterdam, lisingevuka bila karatasi moja: cheti cha afya ya mimea.

Karatasi hiyo naifahamu tangu utotoni, ingawa sikuwa nimewahi kuiona. Mama alifanya kazi miaka mingi katika shamba moja la maua huko Arusha, kwenye chumba cha kupangia. Nilipokuwa darasa la tano, shehena moja ilirudishwa kwa sababu idadi ya maboksi yaliyoandikwa kwenye cheti haikulingana na yaliyokuwa ndani ya lori. Mpaka karatasi nyingine ipatikane, maua yalikuwa yameshafunguka. Yakamwagwa. Kina mama wa zamu yake wakaambiwa wapumzike wiki mbili, bila malipo. Nyumbani tulikula ugali na mchicha, na ada ya twisheni yangu ikasubiri. Kwa muda mrefu nilidhani cheti ni jina la bosi fulani mkali.

Nilipoanza kutafuta mada ya tasnifu, nikajikuta nafuatilia ukoo wa karatasi hiyo.

Ua la Tanzania lililopata umaarufu mkubwa kabisa duniani liliondoka bila cheti chochote. Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alikutana na mmea mdogo wa maua ya zambarau katika misitu ya Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo mmea huo unauzwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, ilhali baadhi ya jamaa zake wa porini wako hatarini kutoweka kwa sababu misitu yao imekatwa.

Mwaka uleule wa 1893, Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge aliyoiagiza kutoka Florida. Inasimuliwa kwamba aliagiza 1,000 na iliyofika hai Tanga ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyokuja kuibeba Tanganyika kiuchumi. Mimea ilikuwa inaingia na kutoka kwa matakwa ya mwenye meli na mwenye bunduki.

Lakini wakati huo Ulaya yenyewe ilikuwa imeshaumia. Katika miaka ya 1860, mdudu mdogo anayeitwa filoksera aliingia Ufaransa akiwa kwenye mizabibu iliyotoka Amerika, akala mizizi ya mashamba nchi nzima. Mwaka 1878 mataifa kadhaa yalikutana Bern, Uswisi, yakatia saini mkataba wa kumdhibiti. Hapo ndipo lilipojengeka wazo kwamba mmea ukivuka mpaka, mamlaka ya kule unakotoka iuandikie ushahidi. Mwaka 1951, huko Roma, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likapitisha Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea, wenye kielelezo cha cheti. Kwa hiyo cheti kilichomlaza mama yangu njaa kilianzia kwenye msiba wa wakulima wa zabibu wa Ufaransa.

Ningependa kusimulia hii kama hadithi nyepesi: Wazungu walichukua maua yetu bure, kisha wakatufungia mlango kwa karatasi. Mihogo inanizuia. Ugonjwa wa batobato la mihogo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Inzi weupe wanausambaza, lakini na sisi tunausambaza kila tunapompa jirani vipando bila kuvikagua. Wakulima wa Afrika Mashariki wamepoteza mashamba kwa ugonjwa huo kwa zaidi ya karne. Hofu iliyoandika cheti haikuwa ya Wazungu peke yao.

Sasa, cheti chenyewe kinasema nini? Kina jina la msafirishaji na la mpokeaji, idadi ya vifurushi na alama zake, mahali mmea ulikoota, chombo cha usafiri, mahali pa kuingilia, jina la kisayansi na kiasi. Kisha serikali inatamka kwamba mzigo umekaguliwa na unahesabiwa kuwa hauna visumbufu vya karantini. Mfanyabiashara hawezi kujiandikia. Ni lazima kitolewe na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi. Kwa Tanzania, mamlaka hiyo ni TPHPA yenye makao Arusha, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ikiunganisha taasisi ya TPRI na huduma zilizokuwa chini ya wizara. Kwa mzigo wa Umoja wa Ulaya, cheti hakitakiwi kutolewa zaidi ya siku 14 kabla ya mzigo kuondoka nchini.

Siku 14 si tatizo kwa ua; tatizo ni saa. Maua mengi ya Arusha yamekuwa yakipakiwa kwenye malori ya baridi, yakivuka Namanga kwenda kupanda ndege Nairobi, kwa kuwa ndege za mizigo zilikuwa nyingi huko kuliko Kilimanjaro. Ua limeota Tanzania, kwa hiyo cheti ni cha Tanzania, hata kama ndege inarukia Kenya. Tarakimu moja ikikosewa Arusha, anayeweza kuirekebisha yuko nyuma ya mpaka, na waridi linaendelea kufunguka.

Kuna mstari mmoja kwenye kielelezo cha Roma ambao nchi inaweza kuuweka chini ya cheti. Unasema kwamba mamlaka iliyotoa cheti, pamoja na maofisa wake, haibebi dhamana yoyote ya fedha kuhusiana nacho. Nilipousoma niliweka kitabu chini. Serikali inasaini, lakini haidaiwi. Mnunuzi halipii asichopokea. Hasara inateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa aliye chini kabisa, na aliye chini kabisa siku ile alikuwa amesimama kwenye meza ya kupangia maua, akiwa na mtoto darasa la tano.

Masharti nayo yanazidi kukaza. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, maua yote mabichi yaliyokatwa yanayoingia Umoja wa Ulaya yanahitaji cheti. Zamani ilikuwa aina fulani tu, waridi likiwemo. Kisha kuna nondo mmoja mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara, *Thaumatotibia leucotreta*, ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya tumba. Ulaya ilimwingiza kwenye orodha ya karantini mwaka 2018, na kuanzia Aprili 2025 ikaweka masharti mapya makali kwa waridi, yanayodai ushahidi wa hatua za udhibiti tangu kwenye kitalu nyumba hadi kwenye boksi. Wakubwa wataajiri watu wa kujaza fomu. Sijui mwenye ekari mbili ataajiri nani.

Jioni ile nilimweleza mama haya yote, nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyepata mada. Alisikiliza huku akikata ncha za mashina kwa kisu cha jikoni, kwa mshazari. Kisha akauliza, "Na huyo anayesaini, tumba analifungua yeye?"

Nikasema anakagua sampuli.

"Sampuli," akasema. "Mengine tulikuwa tunafungua sisi."

Hapo ndipo tasnifu yangu ilipobadilika. Nyaraka zinahifadhi jina la ofisa, tarehe na muhuri. Macho yaliyoona kitobo cha kiwavi kabla ya ofisa kufika hayana mahali pa kuandikwa. Nimeanza kuwarekodi kina mama hao, mmoja mmoja, kabla hawajasahau.

Mama alichukua shina la mwisho, akaligeuza kwenye mwanga wa taa, akasukuma petali ya nje kwa kidole gumba, akachungulia. Ameacha kazi hiyo miaka mingi sasa.

"Safi," akasema, akalitia kwenye jagi.