Kidingapepo: Maradhi Yaliyosafiri na Jina Lake

Katika mwaka 1870, mji wa Unguja ukiwa haujamaliza kuwalilia wafu wake wa kipindupindu kilichoingia mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na makaburi mapya yakiwa bado hayajaota majani, yalizuka mwezi wa Julai maradhi mengine ambayo hayakuua wengi lakini yaliwalaza wengi. Mtu aliyeamka mzima hushikwa na homa kwa ghafla, viungo vikamuuma hata asiweze kukunjua vidole wala kusimama wima, kisha vipele vikamtoka mwilini. Na homa imwachapo baada ya siku chache, maumivu ya viungo husalia naye kwa majuma mengi. Vijana hawakuyajua maradhi haya, na matabibu wa Kizungu waliokuwapo mjini hawakupata kuyaona. Wazee ndio walioyatambua mara moja, wakayaita kwa jina: kidingapepo.

Aliyetuhifadhia habari hii ni James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekaa Unguja katika siku za masultani Sayyid Majid na Sayyid Barghash. Ndiye aliyetunga kitabu kikubwa cha taarikhi ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, kilichopigwa chapa London mwaka 1876, ambamo aliifuata njia ya maradhi kutoka pande za Bahari ya Shamu, kupitia nchi ya Wamasai, hata yakafika pwani. Njia hiyo haikuandikwa katika daftari la serikali yoyote; aliipata kwa kuwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara. Na kuhusu kidingapepo alifanya vivyo hivyo. Wazee walimwambia kwamba maradhi haya yaliwahi kuja zamani, na kwa hesabu aliyoifanya ilikuwa yapata mwaka 1823, karibu miaka hamsini nyuma. Mwaka 1872 akaandika katika jarida la matabibu wa Uingereza, na mwaka 1881 akairudia habari hiyo kwa upana zaidi.

Mimi naona jambo hili ni kubwa kuliko linavyosifiwa. Katika zama zile tabibu msomi wa Ulaya aliweza kulipuuza neno la mzee wa Kiswahili asipate lawama ya mtu, naye Christie akalikubali kuwa ushahidi, akaijenga hoja yake yote juu ya neno hilo. Alifasiri kwamba jina lenyewe lina maana ya mshiko wa ghafla uletwao na pepo, na neno hilo limo hata leo katika kamusi zetu kwa sura ya kidingapopo. Akaendelea kusema kwamba homa iliyoenea katika visiwa vya Karibi mnamo 1827 na 1828, ambayo Waingereza wa huko waliiita dandy na Wahispania wakaiita dengue, ilikuwa ni maradhi haya haya, na kwamba jina lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Wapo wataalamu wasioridhika na tafsiri hiyo, kwa kuwa neno dengue lilikuwamo katika Kihispania kwa maana ya madaha na maringo, nalo lilimfaa mgonjwa atembeaye kwa kujikaza. Yamkini maneno mawili yalikutana yakafanana.

Kutoka Unguja maradhi yalikwenda Arabuni, yakafika Aden mwaka 1871, kisha yakaingia Bara Hindi na kuenea katika miji yake mikubwa. Ni pepo za kusi zipelekazo vyombo kaskazini. Na katika kila chombo palikuwa na maji ya kunywa yaliyowekwa kwa siku nyingi, ambamo mbu angeweza kuzaa na kusafiri pamoja na abiria. Hayo Christie hakuyajua. Ni mwaka 1906 tu ndipo tabibu Bancroft, huko Australia, alipomtaja mbu aitwaye Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana, kuwa ndiye mchukuzi wa dengue.

Sasa twende Newala. Mwaka 1952 katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, watu walishikwa na homa yenye kuwakunja viungo, nao wakaiita kwa lugha yao chikungunya, yaani ile ikunjayo. Nchi ile ya juu haikuwa na maji. Wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni kwa mwendo mrefu, wakipanda nayo kichwani na kuyaweka nyumbani katika vyungu, na maji yaliyopatikana kwa taabu kama hiyo hayamwagwi ovyo. Tabibu Marion Robinson na mwenziwe Lumsden waliandika habari ya maradhi hayo mwaka 1955, na mwaka uliofuata mtafiti Ross akatangaza kwamba kirusi chake ni kingine kabisa, si cha dengue, ingawa mbu ni yule yule.

Hapo ndipo maandishi ya Christie yalipopata msomaji wa pili. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alitoa hoja kwamba kidingapepo ya mwaka 1870, kwa vile ilivyong'ang'ania viungo baada ya homa kuondoka, ilikuwa chikungunya. Ikiwa ni kweli, basi jina la Waswahili lilikwenda ng'ambo likavikwa maradhi mengine, na maradhi yenyewe yakakaa kwetu yakingojea Wamakonde wayape jina upya.

Mwaka 2004 maradhi ya chikungunya yalitokea Lamu. Ulikuwa mwaka wa ukame na joto, na watafiti walipochunguza damu za watu waliona kwamba watatu katika kila wanne walikuwa wamekwisha kupatwa. Wengi hudhani mbu hufuata mvua, lakini mbu huyu mwenye madoa hufuata mtungi. Kisima kikipungua, mtu huweka maji mengi na kuyatumia kidogo kidogo. Inua kawa, chovya kata polepole, utaviona viluwiluwi vikipindapinda kwenda chini kulikimbia giza la mkono wako. Hata ukiyamwaga yote hujamaliza, maana mayai hugandama ubavuni juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu kwa miezi. Sharti mtungi usuguliwe. Kumwambia mtu wa Lamu katika ukame amwage maji, pasipo kumpa maji mengine, ni amri asiyoweza kuitii, na serikali iliyo na nia ya kweli huanza na bomba.

Kutoka Lamu yalikwenda Mombasa, kisha Komoro, kisha Réunion ambako yapata watu 266,000 waliugua, zaidi ya theluthi ya wakazi, na kati ya mwaka 2005 na 2006 yakaingia Bara Hindi. Bahari ni ile ile ya siku za Christie. Safari hii palikuwa na maabara na vipimo vya damu. Ya mwaka 1870 hayakuachiwa hata tone moja la damu la kupimwa, ila vile vidole visivyokunjuka katika kurasa za tabibu, na jina lililotamkwa na wazee waliokuwa watoto lilipotamkwa mara ya kwanza masikioni mwao.