Rangi Chache, Maana Bayana: Mpangilio wa Rangi katika Programu za Simu

Mwananchi anayelipia huduma ya Serikali kwa simu ya mkononi akitumia kumbukumbu namba huhitaji kujua jambo moja mara anapobonyeza kitufe cha mwisho: je, malipo yamepokelewa au yamekataliwa? Katika programu nyingi jibu hutolewa kwa rangi, kijani kwa mafanikio na nyekundu kwa hitilafu. Iwapo rangi hiyohiyo ya kijani imetapakaa pia kwenye nembo, vichwa na mapambo, au iwapo mtumiaji hawezi kuitofautisha na nyekundu, anaweza kulipa mara mbili au kuondoka akidhani amelipa.

Kila rangi na kazi yake

Kurahisisha mpangilio wa rangi ni kuipa kila rangi kazi moja na kuondoa zisizo na kazi. Programu nyingi za huduma hutosheka na makundi matatu: rangi moja kuu kwa vitufe na viungo, rangi tulivu, yaani nyeupe, nyeusi na ngazi chache za kijivu, kwa mandharinyuma na maandishi, na rangi za taarifa, yaani mafanikio, tahadhari na hitilafu. Rangi za taarifa hazitumiki kwa mapambo.

Watengenezaji wa programu hushauriwa kuita rangi kwa kazi yake, mathalani “rangi ya hitilafu”, badala ya “nyekundu”. Manufaa yake yalidhihirika mwaka 2019, mifumo ya Android 10 na iOS 13 ilipoleta mandhari meusi kwa simu nzima. Penye majina ya kazi, rangi hurekebishwa mahali pamoja na kurasa zote hufuata.

Kipimo cha usomekaji

Mwongozo wa WCAG, uliotolewa na shirika la viwango vya wavuti la W3C, unapima tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma. Katika daraja la AA, maandishi ya kawaida yanapaswa kufikia uwiano wa 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Maandishi meusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1. Nyekundu halisi juu ya nyeupe hufikia takriban 4 kwa 1, hivyo haitoshi kwa maandishi ya kawaida. Kijani halisi haifiki hata 1.5 kwa 1. Ndiyo maana rangi za taarifa hukolezwa kabla ya kutumika. Tofauti hiyo huwa na umuhimu zaidi simu inaposomwa juani.

Rangi isibaki peke yake

Upungufu wa kuona rangi unaotokea zaidi ni wa kutotofautisha nyekundu na kijani. Huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa vinasaba vinavyohusika vimo katika kromosomu X. Kwa sababu hiyo, mwongozo huohuo unataka rangi isiwe njia pekee ya kutoa taarifa: alama ya vema na maneno “Malipo yamepokelewa” yaambatane na kijani, na alama ya mkasi na maneno “Malipo yamekataliwa” yaambatane na nyekundu.

Namna ya kukagua

Simu nyingi za kisasa zina uwezo wa kuonyesha skrini kwa rangi ya kijivu pekee, kupitia mipangilio ya ufikivu. Programu ikifunguliwa katika hali hiyo na mtumiaji akaweza kukamilisha malipo na kutambua matokeo yake bila kubahatisha, mpangilio wake wa rangi umetimiza wajibu.