Waya Ukikatika, Nani Anahesabu?

Kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta mjini Kakamega, karibu na stendi ya matatu, kuna waya mnene wa kijivu unaoning'inia kwenye msumari. Kichwa chake kina pini 25. Nilipomuuliza ni wa nini, alicheka. "Huo ni wa zile siku za modemu. Hakuna mtu atanunua, lakini pia siwezi tupa."

Waya huo unafuata kiwango kinachoitwa RS-232, kilichotolewa Marekani mwaka 1960 ili mashine za kuchapa ujumbe ziweze kuunganishwa na modemu. Kila pini ina kazi yake. Moja inasema niko tayari, nyingine inasema sasa tuma, nyingine inasema simu inalia, na moja, muhimu sana kwa stori hii, inasema: bado namsikia mwenzangu upande wa pili. Hakuna akili nyingi hapo. Ishara ipo au haipo, basi.

Kufikia miaka ya 1980, vyuo na kampuni kubwa za Marekani zilikuwa na poti za aina hiyo kwa mamia, zimekusanywa kwenye masanduku yaliyounganisha terminali na mtandao. Poti moja ikigoma, mtu aliinuka akaenda kuangalia taa. Mwaka 1988 ilitoka SNMP, lugha ya pamoja ambayo msimamizi angetumia kuuliza kifaa chochote, kiko wapi, kina hali gani. Lakini lugha bila msamiati haikusaidii. Kwa kila aina ya kifaa, ilibidi watu wakae chini waandike orodha ya mambo ya kuuliza.

Zamu ya poti ilifika Aprili 1992. Zilitoka hati tatu kwa mpigo, RFC 1316, 1317 na 1318, mhariri akiwa Bob Stewart wa Xyplex, kampuni ya Massachusetts iliyokuwa ikitengeneza hayo hayo masanduku. Ndiyo, muuza sanduku ndiye alishika kalamu. Kwa IETF, chombo kinachotoa viwango vya intaneti, hilo si siri wala aibu: anayekuja na kazi iliyofanyika ndiye husikilizwa. Mlango uko wazi kwa yeyote, mradi awe na barua pepe, na ikiwezekana nauli ya ndege. Wakati huo Nairobi barua pepe ilikuwa bado kitu cha watu wachache, wengi wao wa mashirika. ELCI, kituo cha mazingira, kilikuwa kikizipokea kupitia FidoNet: zinakusanywa kwa mafungu, simu inapigwa, zinaondoka zote pamoja. Hakuna mtu wa Kakamega aliyeulizwa kuhusu poti.

Hata hivyo kazi yenyewe ilifanywa vizuri, na mimi naona uzuri wake mkubwa uko katika kugawanya. Hati ya kwanza inahusu mkondo wa herufi: nani ameunganishwa na nani, herufi ngapi zimeingia, ngapi zimetoka. Haijali kama poti ni tundu la kweli au ni ya kufikirika ndani ya mtandao. Ya pili ndiyo inashuka hadi kwenye chuma: kasi, ishara za pini, makosa. (Ya tatu ni ya printa, tuiache.) Makosa yanahesabiwa kwa aina tatu: biti zisizolingana hesabu, herufi zisizoishia pale zilipotarajiwa kuishia, na herufi zilizofika kabla ya iliyotangulia kuchukuliwa. Halafu kuna kitufe kimoja nilichokipenda, cha kuamsha poti iliyokwama ukiwa mbali. Kama sanduku lako liko safari ya siku nzima kwa basi, hicho kitufe ni nauli na usiku mmoja wa gesti.

Sasa mchukue mtu wa Kakamega mwaka 1998. Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya waliosomea Marekani, tayari iko Nairobi, na kampuni nyingine pia. Laini za simu nchini zote ni za KPTC. Ikiwa hana namba ya karibu ya kupiga, anapiga Nairobi, simu ya mbali, mita inatembea. Upande wa pili modemu inaitikia, poti inafunguka. Barua inaanza kwenda. Mvua inanyesha mahali fulani njiani, na laini inakatika.

Kule Nairobi ile pini ya "bado namsikia" inazimika, na kikao kinafungwa. Msimamizi akiuliza poti ile ina makosa mangapi, jibu laweza kuwa sifuri, na ni jibu la kweli. Vile vihesabio vinaangalia waya wa mita mbili kati ya modemu na sanduku. Kilomita mia tatu na kitu za laini ya simu haziko kwenye orodha, kwa sababu ni mali ya mtu mwingine, na mtu huyo ana mita yake mwenyewe, inayohesabu dakika. Mashine mbili zinahesabu simu moja, na hakuna inayohesabu barua ambayo haikufika. Mpigaji anaanza upya, kwa pesa zake.

Hati zile zilirekebishwa Julai 1994. KPTC ikavunjwa mwaka 1999, simu za mkononi zikaja, nyaya za baharini zikatua Mombasa mwaka 2009. Waya wa herufi moja moja haukufa lakini. Ruta nyingi za ofisini bado zina tundu lake, la fundi kuingilia mtandao wote ukilala.

Nilimwambia fundi hivyo. Akautoa waya msumarini, akaugeuza kuangalia pini kama ziko sawa. Mbili zilikuwa zimepinda. Akachukua koleo.