Baraza Lililoondolewa: Suala la Maana ya Maisha Pasipo Dini katika Fasihi ya Kiswahili

Makala hii inakusudia kufuatilia historia ya swali moja katika fasihi ya Kiswahili: mtu asiyeamini dini yoyote hupata wapi maana ya maisha yake? Swali hili aghalabu hujibiwa kabla halijaulizwa. Husemwa kwamba mtu wa namna hiyo hana maana yoyote ya kuishi, na mjadala hukomea hapo. Hata hivyo, sensa za Kenya za wakati wa ukoloni hazituhusu hapa. Inayotuhusu ni ile ya mwaka 2019, ambayo iliandikisha watu zaidi ya 750,000 waliosema kuwa hawana dini. Hatudai kwamba wote hao wamemkana Mungu kwa hoja za kifalsafa. Lakini baadhi yao wamo katika madarasa yetu, na vitabu tunavyowapa kusoma huwaambia jambo fulani juu ya hali yao. Ikiwa tunawafundisha kwamba Kiswahili kinajua mambo mawili tu, yaani Siku ya Hukumu au kujiua, basi yatupasa tuwe na hakika kwamba ndivyo fasihi yenyewe isemavyo.

Tuanze na maneno. Neno dunia tulilipata katika Kiarabu, na huko asili yake ni maana ya kitu kilicho karibu au kilicho chini. Ni neno lenye mwenziwe, nalo ni akhera. Msemaji anapotamka dunia, hata kama hana habari ya asili hiyo, amekwisha kuchora ramani yenye nchi mbili, na hii tunayoikanyaga ndiyo ndogo. Maana na kusudi nayo ni maneno ya Kiarabu, lakini hayakufungwa na imani kwa namna hiyo. Mwanasarufi huyatumia kila siku bila kutaja Mola. Utu, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu, na kipimo chake kimo katika mtu mwenyewe na wenzake. Historia tunayoifuatilia yaweza kutazamwa kama safari ya kutoka neno dunia kuelekea neno utu, ingawa safari hiyo haikunyooka.

Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, ramani ya nchi mbili ni kamili. Mshairi anauelekeza moyo wake uyatazame majumba ya Pate yaliyobomoka. Magofu hayo hayahuzunishi bure. Yana maana kwa sababu liko baraza litakalokaa baadaye, ambapo kila mtu atasomewa hesabu yake. Ukiliondoa baraza hilo, yanabaki mawe na popo.

Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa Mwislamu wa dhati, na hapana haja ya kumgeuza awe kitu kingine. Lakini tutazame mahali alipoliweka baraza lake. Katika Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, nchi yenyewe inaelea angani, ilhali kesi inayosikilizwa humo ni ya wanadamu. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno, na anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe waliotumwa kwa manufaa ya nchi wakaishia kuadhibiwa. Haki inatakiwa itolewe hapo hapo, na watu walio hai, kwa ajili ya watu walio hai. Katika Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968 baada ya kifo cha mwandishi, Utubora anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima Busutamu. Hakimbilii huko ili apate thawabu. Anakwenda kwa sababu jembe na majirani vinampa maisha ambayo mshahara haukumpa. Mungu yupo katika kitabu hicho, lakini maana ya siku ya Utubora haimsubiri Mungu atoe hukumu.

Kwa Euphrase Kezilahabi mambo yanabadilika kwa haraka ya ajabu. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa msomaji makini wa Shaaban Robert, na tasnifu yake ya shahada ya pili ilihusu riwaya za mwandishi huyo. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilizua kelele kwa sababu ya mambo ya mapenzi, ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Pengine kelele hizo ndizo zilizotufanya tupite haraka mwisho wa kitabu. Rosa amekufa kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya hapo tunapelekwa mbinguni, ambako yeye na babake Zakaria wanasimama mbele ya Mungu. Shauri la malezi, ambalo kijiji hakikuweza kulisikiliza, linapata baraza.

Miaka mitatu baadaye baraza hilo halipo. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto ni msomi asiyeridhika na majibu ya dini wala ya wazee. Dada yake Rukia anapewa mimba na Manase, kisha anakufa. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa kumtumia Sabina, dada wa Manase, lakini anaishia kumwoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na Kazimoto anajiua. Safari hii mwandishi hampeleki marehemu popote. Hapana mbingu, hapana kesi. Msomaji aliyetoka kusoma Rosa Mistika anabaki kama mtu aliyefika mahakamani akakuta jengo limehamwa.

Wahakiki wengi wamekieleza kitabu hiki kwa neno udhanaishi, wakamtaja Camus na Sartre, na baadhi yao wakahitimisha kwamba swali lenyewe ni la kigeni. Hoja hiyo ina sehemu mbili, nazo hazina uzito sawa.

Sehemu ya kwanza yasema kuwa Mwafrika hawezi kuuliza swali hili kwa sababu kila alipo ameambatana na dini yake. John Mbiti aliipa fikira hiyo nguvu kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1969. (Mwandishi wa makala hii, alipokuwa akisoma ng'ambo, alikutana mara nyingi na wasomi walioichukulia dini ya Mwafrika kama rangi ya ngozi yake, kitu asichoweza kukivua.) Lakini Okot p'Bitek alikwisha kumjibu Mbiti na wengineo, na jibu lake lastahili kusomwa zaidi katika idara za lugha, kwa kuwa ni jibu la lugha. Okot anasimulia jinsi mapadri Waitaliano, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana hiyo, kwa hiyo swali likafika masikioni mwao kama: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema hawajui. Mapadri wakashikilia wapewe jina. Mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu hupata kibiongo kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, na kwamba anayemfinyanga mtu hivyo huitwa Rubanga. Basi Rubanga akaandikwa kuwa ndiye Muumba. Kwa Okot, fikira za Waafrika hao zilihusu zaidi maisha mema ya hapa, yaani afya, watoto, mavuno na amani, kuliko maisha ya baadaye. Twaweza kutokubaliana naye kuhusu mipaka ya hoja hiyo, lakini baada yake haiwezekani kudai kwamba maana isiyotegemea akhera ililetwa Afrika kwa meli kutoka Ufaransa.

Sehemu ya pili, kwamba Kezilahabi amemnakili Camus, inashindwa kwa sababu nyepesi zaidi. Camus aliandika insha yake juu ya Sisyphus, iliyochapishwa mwaka 1942, ili kuonyesha kwamba kujiua si jibu. Mtu anayejua kuwa ulimwengu haumjibu anatakiwa aendelee kulisukuma jiwe, tena kwa furaha. Kazimoto anafanya kinyume. Aliyenakiliwa hapa ni nani?

Kwa maoni yetu, kifo cha Kazimoto hakisababishwi na kupotea kwa Mungu peke yake. Tumweke kando ya Utubora. Wote wawili wanaondoka mjini, wote wawili wanarudi kwenye udongo na majirani. Utubora anapokewa, naye anapokea. Kazimoto anarudi nyumbani akiwa mtazamaji. Elimu imemtenga na wazazi, kisasi kimemtenga na rafiki, na hata ndoa yake ilianza kama hila. Watu ambao wangeweza kuwa maana yake anawahesabu kama ushahidi wa upuuzi wa maisha. Baraza la mbinguni limeondolewa, na baraza la kijiji yeye mwenyewe amekataa kulikalia. Riwaya hii basi haisemi kwamba asiyeamini hana budi kufa. Inaonyesha kinachompata asiyeamini ambaye pia hana mtu.

Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) nafasi ya baraza inachukuliwa na dola: Tumaini, mtu mwenye jina la matarajio, anaishia mikononi mwa sheria kwa kosa la kuua. Siasa ya Ujamaa iliahidi maana mpya, na mwandishi anaitazama ahadi hiyo kwa jicho la mashaka. Hatutakaa hapo, kwa kuwa riwaya hiyo imejadiliwa sana.

Zilizojadiliwa kidogo mno madarasani ni Nagona (1990) na Mzingile (1991), alizozitoa baada ya kupata shahada ya uzamivu Marekani mwaka 1985. Ni vitabu vyembamba na vigumu, na wanafunzi huvikimbia. Lakini katika Nagona, utafutaji wa msimulizi haumfikishi mbele ya hakimu; unamfikisha kwenye ngoma kuu, na ngoma ni jambo la watu wengi. Kwamba mwandishi aliyeanza na kesi mbele ya Mungu mwaka 1971 alifika kwenye ngoma miaka 19 baadaye ni jambo ambalo wanaomwita mwandishi wa kukata tamaa wangepaswa kulieleza.