Gia, klachi na nyutro: istilahi za gari la gia za mkono

Gari la gia za mkono ni lile ambalo dereva mwenyewe huchagua gia kwa kukanyaga klachi na kusogeza mkono wa gia, tofauti na gari la otomatiki, ambalo mitambo yake hubadili gia yenyewe. Katika mji wa Arua nchini Uganda, ambako malori ya kwenda Kongo kupitia Vurra na yale ya kwenda Sudan Kusini kupitia Koboko na Oraba hukutana, istilahi za gari la aina hii ni msamiati wa kila siku wa madereva, mafundi na wafanyabiashara.

Neno gia lina maana mbili zinazokaribiana: gurudumu lenye meno lililomo ndani ya giaboksi, na daraja la mwendo ambalo dereva analichagua. Fundi anaposema kuwa gia imevunjika meno, anataja chuma; dereva anapoambiwa aingize gia ya pili, anatajiwa daraja. Klachi nayo ni pedali ya mguu wa kushoto, na pia ni sahani zinazounganisha injini na giaboksi, ambazo hutengana pedali inapokanyagwa na kushikana tena inapoachiwa. Ikisemwa kuwa klachi inateleza, maana yake ni kwamba sahani hizo zimelika, kiasi kwamba injini inavuma lakini gari halipati nguvu.

Nomino hizi zote zimekopwa kutoka Kiingereza, ilhali ng'ambo ya mpaka, Kongoni, mafundi hukopa kutoka Kifaransa, na gia huitwa vitesi, neno ambalo kwa asili yake hutaja kasi. Vitenzi, kwa upande mwingine, ni vya Kiswahili chenyewe, na ndivyo vinavyobeba undani wa maelezo: gia huingizwa, hutolewa, huongezwa na hupunguzwa, hugoma isipokubali kuingia, na huchomoka inapojitoa yenyewe gari likiwa mwendoni.

Umuhimu wa kutofautisha istilahi hizi unaonekana wazi katika mteremko wa kutoka Nebbi kwenda Pakwach, kwenye daraja la Mto Naili. Dereva wa lori lenye shehena anayeshuka na gia ndogo huiacha injini ilizuie gari, na hivyo breki hupumzika. Anayeshuka kwa nyutro, yaani bila gia yoyote kuingia, kwa kudhani anaokoa mafuta, huutenganisha mwendo wa magurudumu na injini, na mzigo wote wa kulizuia gari hubaki kwa breki, ambazo zikipata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika.

Msamiati huu umevuka hata mipaka ya barabara, kwani katika siasa za Tanzania mwaka 2015 msemo wa kubadili gia angani ulivuma kwa maana ya kugeuza msimamo ghafla. Kwa hiyo mtungaji wa kitabu cha udereva kwa Kiswahili hana haja ya kubuni majina mapya badala ya gia na klachi, ambayo yamekwisha kukubalika. Kazi iliyo mbele yake ni kuvisanifisha vitenzi vinavyoandamana nayo, maana ndivyo vinavyomwelekeza mwanafunzi afanye nini kwa mkono na kwa mguu.